Muulize Mwalimu: Dagaa wana uraia gani?

Mwezi huu nina barua mbili, na zote zina harufu ya Sirari, kule mpakani na Kenya. Nianze na ile fupi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mteja wangu wa Kisumu anawaita omena, wa Uganda anawaita mukene. Jina sahihi ni lipi?
Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote sahihi, wewe angalia kipimo na hela. Nilipostaafu ualimu niliuza dagaa hapo hapo Mwaloni miaka sita, na nakumbuka Mjaluo mmoja wa Kisumu aliyekuja kwangu kila mwezi. Akishika ndoo anasema "omena hii ina mchanga", mimi namjibu "dagaa wangu wamekaushwa kwenye chanja, mchanga utoke wapi?" Tunabishana hivyo nusu saa na samaki ni wale wale. Sangara naye ni hivyo hivyo: hapa sangara, Kenya mbuta, Uganda mputa. Na huyo hakuwamo humu Ziwa Victoria mpaka alipopandikizwa miaka ya 1950, mipaka ilikuwa imeshachorwa zamani, kwa hiyo kila upande ukampokea kwa jina lake. Shika hilo la sangara, litatufaa kwenye barua ya pili.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni Mkurya wa Tarime, nina miaka 24, naishi Igoma. Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja hapa mjini kufuatilia karatasi. Nikamwambia dada wa dirishani, "Nipe fomu, nimetoka mbali, nimerara njiani." Akaniangalia, akauliza kama mimi ni wa Kenya. Akauliza mara tatu, watu kwenye foleni wanasikia, mpaka nikatoa cheti cha kuzaliwa. Sasa binamu yangu yuko Isebania, ukitoka Sirari unafika kwa miguu. Bibi yetu mmoja, Kikurya chetu kimoja, lakini yeye Mkenya na mimi Mtanzania. Kama lugha ndiyo inayofanya taifa, mbona letu limekatwa katikati? Kwa nini mpaka usifuate lugha?
Mura wa Igoma

JIBU: Marahaba, mura. Pole na hilo dirisha.

Aliyewakata alikuwa mbali sana na Tarime. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie pale mto Umba unapoingia baharini, upinde kuuzunguka Kilimanjaro, uje ugote ukingo wa mashariki wa ziwa hili kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Mwaka 1890 wakauvusha ziwani mpaka ng'ambo ya magharibi. Ukiitazama ramani unaona umenyooka kama umepigwa kwa rula, na ndivyo ulivyopigwa. Hakuna aliyekuja kuuliza bibi yako anasemaje "kula". Kule Kagera mstari huo huo uliacha kipande cha nchi yetu kaskazini ya mto, na mwaka 1978 Idi Amin akakitaka. Yaliyofuata muulize baba yako.

Sasa, mpaka ufuate lugha? Wapo waliojaribu. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 bendera yake ilikuwa na nyota ya ncha tano: ncha mbili ni sehemu zilizoungana kuwa Somalia, na tatu ni walikobaki Wasomali wengine, yaani Ethiopia, Jibuti na kaskazini mwa Kenya. Bendera nzima ni swali lako hilo. Julai 1964 wakuu wa Afrika walikutana Cairo wakakubaliana kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Nyerere alikuwa upande wa hoja hiyo kwa nguvu, Somalia ikaikataa. Mwaka 1977 ikaingia vitani Ogaden, kule Ethiopia, mwaka uliofuata ikatoka imeshindwa. Na mwaka 1991 serikali yenyewe ikaanguka mikononi mwa watu wa lugha ile ile moja. Kwa hiyo usinipe hadithi kwamba wanaosikilizana hawapigani. Kwani nyie kule Tarime koo zenu zilipokuwa zinachukuliana ng'ombe, mlitukanana kwa Kichina?

Lakini nisiidharau lugha. Pakistani ya mwaka 1947 iliunganishwa kwa dini, ikadhani hiyo inatosha. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wa Dhaka, Pakistani ya mashariki, waliuawa wakidai Kibengali kitambuliwe, na mwaka 1971 upande ule ukajitenga ukawa Bangladesh. Ukimnyima mtu lugha yake anaweza kukuachia nchi.

Sisi tulikuwa na bahati, au tulikuwa wajanja, sijui niite vipi. Mimi nimezaliwa Nansio, Ukerewe. Nyumbani Kikerewe, sokoni Kijita, Kiswahili nilikikuta darasani kama ulivyokikuta wewe. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na sijawahi kusikia mtu wa maana akitaka Kisukuma kiwe lugha ya taifa. Huku ziwani Kiswahili hakikuwa cha ukoo wa mtu, ndiyo maana hakikumfanya jirani yeyote aonekane ameshinda. Desemba 1962 Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili, Mkerewe na Mkurya wote walisikia lugha ya ugenini, ila ugenini wao ulilingana.

Na Kenya? Katiba yao ya mwaka 2010 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili. Kwa maandishi, wewe na binamu yako mna lugha moja ya taifa, juu ya Kikurya chenu. Hebu nendeni wote wawili dukani hapo Igoma. Yeye atasema "nipe soda", na muuzaji atanuna kidogo, maana hapa tunasema "naomba soda" ingawa hela tunatoa. Yeye atapanda matatu, wewe daladala. Mpaka haukuifuata lugha, mura. Lugha ndiyo iliyoufuata mpaka, polepole, kwa shule na redio na foleni za ofisini, mpaka vinywa vya watoto wa bibi mmoja vikaachana. Kama sangara. Na dada yule hakusikia ile "r" yako peke yake, alisikia na "nipe". (Ingawa Wakurya wa Tarime nao kuomba hamjui, tuseme ukweli.)

Alipokosea ni kuufanya ulimi wako kuwa kitambulisho. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia. Anayeomba tajnisi ndiye anayetakiwa ajue Kiswahili au Kiingereza. Wewe uliyezaliwa Tarime kwa wazazi raia hupimwi "l" wala "r". Cheti ulichokitoa mara ya tatu, siku nyingine kitoe mara ya kwanza, foleni isogee, kisha mwambie kwa upole kwamba Tarime iko Mkoa wa Mara.

Ningemsema zaidi, lakini sina ubavu huo. Nilifundisha huko kwenu miaka kumi na moja. Darasa la tatu kulikuwa na mtoto wa "kurara". Nikamsimamisha mbele aseme "kulala" mara ishirini. Darasa zima likacheka, na nusu yao wakitoka nje walikuwa wanasema "kurara" vile vile. Alifika kumi na tisa vizuri. Ya ishirini ikatoka "kurara", akalia. Na mimi utotoni niliwahi kuvishwa kipande cha ubao shingoni kwa kusema Kikerewe uwanjani, kwa hiyo siwezi kusema sikujua ninachofanya.

Mwaka juzi nilikuwa Buzuruga nasubiri gari la kwenda Musoma, jua kali, mfuko wangu wa michembe miguuni. Kondakta mmoja, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaja akaubeba kabla sijasema kitu.

"Shikamoo Mwarimu! Ingia, kaa hapa mbere."

Nikaingia, nikakaa mbere. Nauli aliikataa.