Mkweo Hakukuita Kichaa

Swali: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Mbagala na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza wa miezi minne. Mama mkwe alikuja kutoka Muheza kunitazama uzazi, arobaini imepita na hana dalili ya kuondoka. Mtoto akilia kidogo tu, keshamchukua. Nikijilaza mchana, anapita mlangoni kuchungulia. Juzi nimemsikia akimwambia mwanawe, "Mkeo haya si ya kawaida, mpeleke hospitali akaonwe." Yaani mimi ni kichaa! Mume wangu badala ya kunitetea kanyamaza. Kweli siku hizi nimechoka, usingizi sipati hata mtoto akilala, chakula kinanikinai, lakini nani asingechoka na mkwe wa namna hii? Wakati mwingine mtoto analia namwangalia tu, naona kama hata hanihitaji. Nimwambieje mume wangu amrudishe mama yake kwao bila kuvunja ndoa? – Niliyechoshwa, Mbagala.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wewe hiyo kazi ndiyo kwanza umeianza.

Barua yako imejaa mkwe. Basi nianze na yeye, maana hukumu yake haichukui muda: mama huyo ana haki, na haondoki. Yale uliyoyaandika kama makosa yake, mimi nayasoma vingine kabisa. Unasema mtoto akilia keshamchukua. Mistari michache baadaye unasema mwenyewe kwamba mtoto analia na wewe unamwangalia tu. Sasa ulitaka nani ainuke? Unasema anachungulia ukiwa umejilaza. Ameona kwamba unaingia kulala na hulali, anakuja kutazama kama leo umepata hata lepe, au umekaa tena kitandani unaangalia ukuta. Mwanamke ana nyumba yake Muheza, ana michungwa yake na majirani zake, kisha anabanana nanyi Mbagala miezi minne. Watu hawafanyi hivyo kwa kupenda kusumbua. Alipanga kuondoka baada ya arobaini, akaona jambo, akabaki. Hujaniambia hivyo, lakini barua yako inaniambia.

Jambo lenyewe umelipitisha katikati haraka haraka, kana kwamba si hoja. Mzazi aliyechoka tu, mtoto akisinzia naye anasinzia, hata kwenye kiti, hata kanga haijakaa vizuri kifuani. Wewe mtoto amelala na macho yako hayafumbi. Chakula kinakukinai. Halafu hilo la kuona mtoto hakuhitaji. Hakuna mkwe duniani anayeweza kukutilia wazo hilo kichwani. Hizo ni dalili za mwanzo za sonona, maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, ile inayowapata wanawake baada ya kujifungua, na mkweo ameiona kabla yako.

Siku za kwanza baada ya uzazi wanawake wengi hulia bila sababu, wakakasirika, wakacheka, wakalia tena. Hilo kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya wiki mbili. Likivuka hapo na kukaa, si la kungojea lipite. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 katika kila 100 waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi la kliniki na wenzako watano, usishangae mmoja wao akiwa na lako hilo hilo, naye amejipaka poda na kunyamaza kama wewe.

Hukulitafuta. Mtoto akishatoka, homoni zilizokuwa juu miezi yote tisa huporomoka kwa siku chache. Ongeza usiku wa kukatwakatwa, ongeza damu uliyopoteza, ongeza wasiwasi wa mtoto wa kwanza. Haina uhusiano na uvivu, wala na kumpenda mtoto au kutompenda. Ungekuwa na malaria mkwe akasema upelekwe hospitali, ungesema amekutukana?

Najua unachokiogopa. Mtu akitajiwa hospitali kwa mambo ya kichwa, anaiona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, mbele yake. Hakuna anayekupeleka huko. Unakwenda kituo kile kile unakompeleka mtoto kupimwa uzito kila mwezi. Tatizo la siku hiyo ni kwamba mtoto huvuliwa, huning'inizwa kwenye mizani, kadi ikaandikwa, na mama akaulizwa "ananyonya vizuri?" basi. Usingoje waulize zaidi. Mwambie muuguzi kwa kinywa chako: tangu nijifungue silali, sili, na sioni furaha kwa mtoto. Maneno hayo yanatosha. Wapo wanaotumia dodoso la maswali 10, lililotungwa Uskoti mwaka 1987, linalouliza siku 7 zilizopita zilivyokuwa: umeweza kucheka, umejilaumu pasipo sababu, umepatwa na hofu. Jibu ukweli, usijibu kama mtu anayefanya mtihani wa umama bora. Omba wapime na damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na huu. Wengi hupata nafuu kwa mazungumzo ya kila wiki na mtu aliyefundishwa. Ikihitajika dawa, zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kupewa, ila sema mapema kwamba unanyonyesha.

Na hapa nakuuliza waziwazi, mwanangu: umewahi kuwaza kujiua, au kumdhuru mtoto? Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, usisubiri siku ya mizani. Mwambie mkweo leo hii, usibaki peke yako na mtoto, mwende hospitali leo. Vivyo hivyo ukianza kusikia sauti wasizozisikia wengine.

Ninyi mabinti wa siku hizi mmefundishwa kwamba ndoa ni ya watu wawili, na kila wa tatu ni mvamizi. Zamani pwani mzazi alikaa ndani siku 40, anakandwa maji ya moto, analetewa uji wa pilipili manga, wanawake wanaingia na kutoka. Walikuwepo walioumwa sonona hata hivyo, sitadanganya, na wengi waliambiwa wana mashetani. Lakini palikuwa na macho juu ya mama, si juu ya mtoto peke yake. Leo mnajifungua, mnarudi chumba na sebule, wiki ya pili mnaweka picha mmependeza, mlango umefungwa. Mkono mmoja haulei mwana. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye sonona, kuwasikiliza na kutatua nao shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wakipata nafuu kweli, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Watu wanawatafuta bibi wenye subira, wewe unaye ndani na unamtafutia nauli.

Leo jioni mkae wawili, umwambie: mama, kweli siko sawa. Kama anakukera kwa kumchukua mtoto ghafla, mwambie na hilo, kwa adabu. Atasikia.

Sasa mpe mumeo simu asome hapa. Baba, ulimsikia mama yako ukanyamaza, na kunyamaza kwako mkeo amekuhesabu kuwa upande wa wanaomwita kichaa. Mwambie ulichoogopa. Omba ruhusa kazini asubuhi ya kliniki, ukae naye kwenye foleni, uingie naye kwa muuguzi akikutaka. Na usiku shika zamu: mtoto akiamka mletee mama anyonyeshe, kisha mpokee wewe, mpige mgongo acheue, umbadilishe, umlaze, ili mkeo apate masaa manne au matano ya kulala bila kuinuka.