Kabla Hujalipia Zege la Kiwandani Mtwara na Lindi

Karibu kila anayeniuliza habari za zege la kiwandani, lile linalochanganywa mtamboni na kuletwa na lori, huanza na bei ya mita moja ya ujazo. Mimi humrudisha nyuma kwa maswali mawili: kiwanja chako kiko wapi, na mtambo wa kuchanganyia uko wapi? Nilisimamia ujenzi wa nyumba ya wageni ya familia yetu, ya ghorofa moja, hapa Mikindani, na tangu wakati huo ndugu na majirani wa Mtwara na Lindi wamekuwa wakinishirikisha wanapofika hatua ya kumwaga slabu, yaani lile bapa la zege la sakafu ya juu au paa. Si mhandisi, wala siandiki kama mhandisi. Ninaandika kama mama aliyekuwa analipa bili na kusimama juani kuangalia alichokilipia.

Jambo la kwanza la kulijua ni mwenye mtambo na kazi iliyomleta. Mikoa yetu haina utitiri wa wauzaji wa zege kama Dar es Salaam, na si ajabu kukuta mtambo umesimikwa na mkandarasi aliyekuja kwa ajili ya barabara au jengo kubwa la serikali, naye akawa anawauzia watu binafsi pale nafasi inapopatikana. Zege la mkandarasi wa namna hiyo linaweza kuwa zuri sana, kwa kuwa mradi wake wenyewe unakaguliwa kila siku, lakini wewe si mteja wake wa kwanza. Siku anayomwaga zege kwenye mradi wake, malori yote yataelekea huko, na lako la pili litakuja akikumbuka. Muulize ratiba ya mradi wake kwa wiki unayoitaka, muulize mradi unakwisha lini, na umtake aandike idadi ya malori yatakayokuhudumia siku hiyo. Akisita kuandika, umepata jibu.

Swali la malori lina uzito kuliko linavyoonekana. Chukua slabu ya mita 14 kwa mita 10 yenye unene wa sentimita 15: hizo ni mita za ujazo 21 kabla hujahesabu mihimili, yaani malori matatu yanayobeba mita saba kila moja. Lori la kwanza likimwaga saa moja asubuhi na la pili likaja saa nne, zege la mwanzo litakuwa limeshaanza kukaza kwa joto letu hili, na mahali yanapokutana patabaki mshono. Mshono huo hauonekani siku ya kazi. Huonekana masika, maji yanapopenya darini. Muuzaji wa kuaminika atakutajia mwenyewe muda baina ya lori na lori, na atakueleza atafanya nini iwapo moja litaharibika njiani au mtambo utasimama katikati ya kazi.

Halafu kuna umbali. Desturi iliyozoeleka katika viwango vingi vya ujenzi ni kwamba zege limwagwe ndani ya dakika 90 tangu maji yalipokutana na saruji, na kwenye joto kali muda huo hupunguzwa. Kutoka Mtwara hadi Lindi mjini ni zaidi ya kilomita 100, na lori lililojaa zege haliendi mwendo wa basi, achilia mbali msimu wa korosho ambapo malori ya mizigo yanafuatana barabarani. Kwa hiyo mtu wa Lindi anayeahidiwa zege la kutoka Mtwara aulize waziwazi kama litawekwa kemikali ya kuchelewesha kukaza, ni ya aina gani, kwa kipimo gani, na kama mhandisi wake ameikubali. Jibu la "usijali, tumezoea" halitoshi. Kwa vyovyote, agiza zege la alfajiri. Mtambo usioweza kupakia lori la kwanza saa kumi na moja au kumi na mbili asubuhi haufai kwa slabu kubwa ya pwani.

Saruji yenyewe kwetu si tatizo kubwa. Tangu 2015 kiwanda cha Dangote kipo Msijute, na mwenye mtambo hana kisingizio cha kutumia saruji iliyolala ghalani ikashika unyevu; hakikisha tu kwamba daraja la nguvu ya saruji, 32.5 au 42.5, ndilo lililoandikwa kwenye mchanganuo wa zege aliokupa. Mashaka yangu mimi yako kwenye kokoto, mchanga na maji. Ukanda wetu wa pwani umejaa mawe ya chokaa na matumbawe, ilhali majabali magumu ya Masasi yako mbali, takriban kilomita 200 kutoka Mtwara, na usafiri wa mawe ni gharama. Anayeuza zege kwa bei ya kushangaza huenda amepunguza hapo. Mchanga nao uwe wa mtoni au wa machimbo, kamwe usiwe wa ufukweni, kwa sababu chumvi iliyomo hula nondo. Na maji ya kisima cha karibu na bahari yapimwe kwanza. Nenda mtamboni ukaone marundo kwa macho yako. Kokoto zilizorundikwa juu ya udongo mtupu, zikichanganyika na mchanga kwa sababu hakuna ukuta wa kuzitenganisha, zinakueleza mengi kuhusu mwenye mali. Uliza pia mizani ya mtambo ilihakikiwa lini na Wakala wa Vipimo, na uombe kuona hati.

Sasa nieleze kuhusu maji yanayoongezwa kiwanjani, maana hapo ndipo zege zuri hugeuzwa kuwa baya mbele ya macho ya mwenye nyumba. Siku ya slabu yetu, lori la kwanza lilipofika, kijana wa maabara alipima ulaini wa zege, kipimo kiitwacho slampu: alijaza koni ya bati yenye kimo cha milimita 300 kwa matabaka matatu, akashindilia kila tabaka mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha akaiinua koni taratibu. Zege likashuka milimita 90. Tulikuwa tumeagiza 100, kwa kukubali tofauti ya 25 juu au chini, basi lilikuwa sawa. Dereva hata hivyo alishashika mpira wa maji.

"Mama, zege hili zito, vijana watateseka. Ngoja niliongezee maji kidogo tu."

"Hapana, mwanangu. Mpigie kwanza mkubwa wako."

Akampigia, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika sote tulimsikia msimamizi wa mtambo akimwambia aurudishe mpira mahali pake, asiuguse mpaka arudi. Vijana walilisambaza zege kwa kutumia vaibreta, ile mashine ya kulitikisa zege lijipange, na halikumshinda mtu. Mimi tangu siku hiyo simtafuti muuzaji mwingine pale mtambo ule unapokuwa na nafasi.

Sababu ya ukali huo ni kwamba maji yanayozidi mahitaji ya saruji hukauka na kuacha vitundu, zege likapoteza nguvu, na kwetu vitundu hivyo ni njia ya hewa ya chumvi kuzifikia nondo. Nondo ikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tembea kwenye majengo yanayotazama bahari uone nguzo zilivyobanduka pembe. Ndiyo maana mhandisi anaweza kukutaka utumie gredi ya 30 au zaidi hapo ambapo jirani yako wa bara anajenga kwa gredi ya 25, yaani zege linalotarajiwa kuhimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba likifikisha siku 28.

Siku hizo 28 ndizo zinazofanya ununuzi huu kuwa mgumu, kwani unalipa leo na ukweli unaujua mwezi ujao. Agizo lako liwe la maandishi, lenye gredi, slampu, ukubwa wa kokoto, aina ya saruji, kiasi, na kifungu kinachosema wazi kwamba una haki ya kulikataa lori. Kila lori lije na hati yenye saa ya kupakia. Toa sampuli za michemraba ya sentimita 15 mbele ya pande zote mbili, zihifadhiwe kwenye maji, zivunjwe siku ya 7 na ya 28 kwenye maabara isiyo ya muuzaji; maabara za TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Zuia sehemu ya malipo hadi majibu ya mwisho yatoke. Wako watakaonung'unika kuhusu kifungu hicho, na hao waache waende.

Kuhusu kupunjwa ujazo, njia ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Lori likipimwa likiwa limejaa, na likipimwa tena likiwa tupu, tofauti ya tani 16.8 ndiyo mita zako saba.

Na kama kazi yako ni msingi mdogo au mkanda wa zege wa kuzunguka kuta, wa mita tatu nne za ujazo, usihangaike na haya yote. Malori hayapendi mizigo midogo, nawe utalipia nafasi tupu. Kodi mashine ndogo ya kuchanganyia, tafuta fundi anayepima kwa boksi badala ya koleo, na ukae karibu na pipa la maji.