Pichi la Lushoto, glasi ya Tanga

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko kaunta ya hoteli ndogo hapa Raskazone, mwezi wa nne sasa. Wageni huniagiza kokteli ya wiski ya bourbon, pichi na limau. Nikiitengeneza, mmoja husema imekuwa sharubati, mwingine huiacha nusu. Natumia mapichi ya kopo na maji yake, na kwa kuwa malimau ni ghali, nakamulia chungwa la Muheza. Nakosea wapi?
Kijana wa kaunta, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji ya kopo ni sukari, chungwa la Muheza ni tamu, na bourbon nayo ina utamu wake. Mgeni atakunywaje? Chungwa hilo nalipenda sana, ila hapa litoe harufu tu: kata kipande chembamba cha ganda, kikunje juu ya glasi mafuta yaruke. Uchachu utoke kwenye limau. Likikosekana, ndimu.

Bourbon usiibadilishe na wiski yoyote uliyoikuta rafuni. Ni ya Marekani kwa sheria: mahindi yasipungue asilimia 51, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Mapipa hayo ndiyo yanayoipa ladha ya vanila na sukari iliyoungua kidogo, kama kashata iliyoshika rangi. Pichi hupatana nayo sana. Wiski yenye moshi italimeza.

Sasa pichi lenyewe (kamusi huliita pia fyulisi). Msimu wake ukifika, mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka, agiza ya Lushoto kwa watu wa mabasi ya Mombo. Usichague kwa rangi. Linuse penye kikonyo, lisiponukia, liache. Lililoiva hubonyea kidogo chini ya kidole gumba. Sugua vinyoya vyake kwa maji, wala usilimenye. Ile nyama nyekundu iliyokumbatia kokwa usiitupe kamwe, maana ndiyo inayoipa kokteli rangi ya machweo. Mimi msimu ukiwa mzuri huponda mengi nikayagandisha. Ukilazimika kutumia kopo, mwaga maji yake yote.

Kwa glasi moja, ponda nusu pichi, tia bourbon mililita 60, maji ya limau 25, na shira ya sukari na maji sawa kwa sawa 15.

Halafu barafu, na hapa ndipo kaunta nyingi za mjini kwetu huharibu. Barafu iliyokaa kwenye ndoo tangu magharibi imeshaanza kuwa maji. Itoe kwenye friza dakika ile ile, vipande vikubwa, ujaze chombo cha kutikisia. Penye maji ya matunda, kukoroga hakutoshi: tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, mpaka chombo kifanye ukungu mweupe nje na vidole vikuume kwa baridi. Huna chombo cha kutikisia? Chupa ya jamu yenye kifuniko kinachokaza inafaa kabisa. Chuja kwa chujio la chai, kwenye barafu mpya.

Utamu wa pichi huficha ukali wa pombe, kwa hiyo anayerudi na pikipiki usimmiminie hata moja. Mtengenezee ya limau na pichi tupu.

Kabla ya kupeleka mezani, onja kwa kijiko. Limau likikubana pembeni mwa ulimi, kisha pichi likafuata, peleka.