Kwa mnaoanza postidoki ya lensingi dhaifu: msiikimbie kazi ya redishifti

Wadogo zangu mnaomaliza PhD na mnataka kuingia kwenye lensingi dhaifu ya graviti (kupima jinsi maada iliyo njiani inavyopinda kidogo sana maumbo ya galaksi za mbali), nina jambo moja kubwa la kuwaambia na mengine madogo madogo. Hilo kubwa ni kwamba karibu kila anayekuja anataka akae pale mwisho wa mnyororo, pale grafu ya S8 (kipimo cha jinsi maada ilivyojikusanya ulimwenguni) na maada giza inapotoka, wakati jibu lenyewe huwa limeshaamuliwa huku chini, kwenye kalibresheni ya redishifti, yaani kuhakikisha kipimo chetu cha umbali wa galaksi (mwanga wake ulivyovutwa kuelekea wekundu) kiko sahihi, ambako watu ni wachache na kazi ni nyingi.

Chukua mfano wa KiDS, ile sevei ya darubini ya VST kule Paranal, Chile. Mwaka 2021 walitoa S8 ya karibu 0.76, na Planck, ile setilaiti iliyopima mwanga wa kale wa ulimwengu, ilikuwa inasema karibu 0.83, basi miaka ikapita watu wanaandika pepa juu ya pepa kwamba labda fizikia mpya imepatikana. Mwaka 2025 KiDS hao hao wakamaliza data yao yote na wakapata 0.815, wanakubaliana na Planck bila shida. Nini kilibadilika? Eneo la anga liliongezeka na picha zilisafishwa upya, ndio, lakini sehemu kubwa ni kwamba walikadiria na kukalibreti redishifti vizuri zaidi. Hiyo pepa isome mpaka viambatisho vyake, usiishie abstrakti.

Kwanini redishifti ina nguvu hivyo? Galaksi moja moja ina umbo lake la kuzaliwa, uduara wake unatofautiana kwa kama 0.3, na lensingi inaupinda kwa kama 0.01 tu, kwahiyo unafanya wastani wa mamilioni ya galaksi ili ule mpindo uonekane. DES, sevei nyingine ya namna hii, kwenye data zao za miaka 3 ya kwanza walitumia galaksi milioni 100. Sasa kelele inashuka kwa wastani lakini kosa la umbali halishuki, ni kama mizani ya sokoni iliyopinda, pima magunia elfu na yote yatabeba kosa lile lile. Ukidhani galaksi zako ziko mbali kuliko zilivyo, unategemea mpindo mkubwa, unauona mdogo, unasema maada haijajikusanya sana. S8 inashuka hivi hivi na wewe unaona umegundua kitu.

Euclid, darubini ya anga za juu ya Ulaya, inadai wastani wa redishifti wa kila fungu la galaksi zilizogawanywa kwa umbali ujulikane kwa 0.002 mara (1+z), z ikiwa ndiyo redishifti. Fanya hesabu mwenyewe. Kwenye redishifti 1 una nafasi ya 0.004 tu, na asilimia 1 ya galaksi zikikosewa kwa redishifti 1 nzima, wastani umeshahama kwa 0.01. Umekwisha hapo. Na makosa ya namna hiyo si ya kufikirika, galaksi ya redishifti 0.3 ina ule mporomoko wa mwanga wa angstromu 4000 (urefu wa wimbi, unaozidishwa na 1+z) unaotua kwenye 5200, na galaksi ya 3.3 ina mporomoko wa Lyman wa 1216 unaotua hapo hapo, na kwakuwa redishifti tunaikadiria kwa rangi za galaksi kupitia filta, ukiwa na filta chache huwezi kuzitenganisha, ndo maana KiDS walichanganya filta 4 zao na 5 za infraredi kutoka VISTA.

Utaambiwa tumia spektra (mwanga wa galaksi uliotawanywa kwa urefu wa wimbi, unaotoa redishifti ya uhakika zaidi) kukalibreti, na ni kweli, lakini ziulize zimetoka wapi. Mstari wa oksijeni wa 3727 ukifika redishifti 1.5 uko kwenye 9300, karibu unatoka nje ya uwezo wa detekta za kawaida, kwahiyo galaksi ambazo hazikupata spektra hazikukosa kwa bahati, zinakosekana za aina fulani, na hapo ndipo upendeleo unapoingia kimya kimya. Ramani inayojipanga yenyewe, ile SOM, inayopanga galaksi kwa rangi zao, inakusaidia kuona ni rangi zipi hazina spektra hata moja, na kazi ya C3R2, mradi wa kukusanya spektra kwa darubini za Keck, ilikuwa kujaza hayo mashimo. Njia ya pili, ya kulinganisha mkusanyiko wa galaksi zako na zile za BOSS au DESI, sevei kubwa za spektra, haihitaji spektra za galaksi zako zenyewe ila inakuletea baiasi ya galaksi (tofauti ya galaksi zinavyojikusanya na maada yenyewe inavyojikusanya) inayobadilika na umbali. Jifunzeni zote mbili. Mtu anayejua moja tu hawezi kujua lini imemdanganya.

Jambo lingine, fungua spektra uziangalie kwa macho. Kaa mchana mmoja na zile za daraja la 3 na 4 (alama za ubora wa redishifti), utaelewa uhakika una sura gani kuliko ukisoma kolamu ya katalogi tu.

Na heshimuni kule kuficha majibu, yaani kufanya uchambuzi bila kujua namba ya kweli mpaka mwisho. KiDS wamekuwa wakitumia katalogi tatu, moja tu ndo ya kweli, ufunguo anao mtu wa nje. Ukishajua namba unayoitaka utaacha kutafuta makosa ukiifikia, kila mtu yuko hivyo.

Upande wa ajira: matangazo mengi yanatoka kuanzia Septemba hadi Desemba kwa kazi za vuli inayofuata, na mkataba kwa kawaida ni miaka 2 au 3, kwahiyo mwaka wa pili umeshaanza kuomba tena. Kabla ya kusaini uliza wazi nina haki ya data gani, na pepa ipi itakuwa na jina langu mbele, kwasababu kazi ya kalibresheni inabeba watu wengi na jina linapotea kirahisi ukinyamaza. Wenye pasipoti zetu, mkutano wa kolaborasheni ukiwa Uingereza na wewe una kibali cha Ujerumani bado utahitaji viza, anza mapema sana.

Kama hujapata nafasi bado, usisubiri. Data za KiDS na DES ziko wazi bure, TreeCorr, programu ya kupima mpindo kwa jozi za galaksi, inakubali kwenye laptopu ya kawaida, chukua kipande kidogo cha anga, gawa galaksi kwa redishifti, pima mpindo, halafu sogeza redishifti zote kwa 0.02 kwa makusudi uone S8 inaenda wapi. Ukiniandikia na hiyo grafu nitakujibu.