Kihispania cha jikoni na Kihispania cha barua: jibu kwa ndugu mlioko nyumbani

Mmeuliza: kama watoto wa Wameksiko waliozaliwa Marekani wamekulia ndani ya Kihispania, kwa nini wanalipa karo chuoni kukisoma? Na ndani ya swali hilo kuna jingine: mbona watoto wetu huku wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, wakati wenzao wanatamba na lugha yao?

Nianze na hilo la pili, maana limejengwa juu ya dhana isiyo sahihi. Hawatambi hivyo. Marekani ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania majumbani. Wana redio, televisheni, makanisa, maduka na mitaa mizima. Pamoja na yote hayo, wajukuu wengi wa wahamiaji wanabaki na salamu, majina ya vyakula na maneno ya kumgombeza mbwa. Lipo hata jina la kuwacheka: vijana wa "no sabo". Kwa Kihispania "sijui" ni "no sé". Anayesema "no sabo" amekinyambua kitenzi kana kwamba kinafuata kanuni ya kawaida, kama afanyavyo mtoto mdogo. Jina hilo linauma, na wengi likishawauma hufunga mdomo kabisa.

Wazazi nao wana sababu zao. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi 1836, na California hadi vita kati ya Meksiko na Marekani vilivyokwisha 1848, lakini kwa vizazi kadhaa mtoto aliyesema Kihispania shuleni aliadhibiwa. Waliosoma Kenya au Uganda na kuvishwa kibao shingoni kwa kunaswa na lugha ya mama hawahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha sheria iliyobana ufundishaji wa lugha mbili, na haikuondolewa hadi kura ya 2016. Mzazi aliyepigwa kwa ajili ya lugha yake huona anamwokoa mwanawe kwa kutompa.

Sasa hao wanaoingia darasani. Wataalamu, akiwemo Guadalupe Valdés wa Chuo Kikuu cha Stanford, huwaita wazungumzaji wa lugha ya urithi: mtu aliyelelewa katika nyumba inayotumia lugha isiyo Kiingereza, anayeielewa au kuizungumza kwa kiasi fulani. Hicho "kiasi fulani" ndicho kiini cha mambo. Sikio lake ni la mwenyeji na matamshi yake ni safi. Anajua majina ya vyombo vya jikoni, magonjwa ya bibi na matusi yote. Lakini mpe barua ya kuomba kazi, mkataba wa nyumba au insha ya historia, atakwama, kwa kuwa lugha yake iliishia pale nyumba ilipoishia. Kwa miaka yote ya shule, hesabu, sayansi na siasa vilimjia kwa Kiingereza.

Mwanafunzi wa Kimarekani aliyeanza Kihispania ukubwani ni kinyume chake. Huyo anakujazia jedwali la vitenzi bila kosa, kisha anashindwa kuagiza chakula. Utafiti wa mwanaisimu Silvina Montrul na wenzake umeonyesha jambo hili: kwenye kazi za maandishi aliyejifunza darasani humpita wa urithi, na kwenye kazi za mdomo wa urithi humpita yeye. Ukiwaweka darasa moja, mmoja atachoka na mwingine ataogopa. Ndiyo maana vyuo vingi vina kozi tofauti kwa ajili ya wa urithi, na ndiyo maana mtihani wa kuchagua majibu peke yake hautoshi kumpangia mtu darasa. Panahitajika mazungumzo ya ana kwa ana na aya moja aliyoiandika kwa mkono wake.

Kazi ya kwanza ni tahajia. Kwa matamshi ya Amerika ya Kilatini, b na v ni sauti moja. S, z na c iliyo mbele ya e au i ni sauti moja. H haisikiki kabisa. Kwa hiyo aliyejifunza kwa sikio huandika "botar" (kutupa) akikusudia "votar" (kupiga kura), au "haber" (kuwepo) mahali pa "a ver" (hebu tuone). Dawa yake ni kusoma sana na kuandika imla fupi za mistari mitano au sita, kila wiki bila kuruka.

Kisha alama za mkazo. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu. Linaloishia kwa konsonanti nyingine hukazwa mwishoni. Likienda kinyume cha hapo, alama huwekwa. Hivyo "papa" ni kiazi na "papá" ni baba. "Hablo" ni ninasema na "habló" ni alisema. "Camión" ina alama, lakini "camiones" haina, kwa sababu mkazo umerudi mahali pake. Hatua ni tatu: tamka neno kwa sauti, tafuta silabi inayopanda, tazama herufi ya mwisho. Wengi hukosea kwa kuruka hatua ya kwanza, wakaacha simu iwawekee alama. Simu haijui kama umekusudia "esta" (hii) au "está" (yupo).

Sarufi huja baadaye, na makosa yake yana mpangilio. Husema "vi María" badala ya "vi a María" (nilimwona María). "La problema" badala ya "el problema" (tatizo), kana kwamba neno hilo ni la jinsia ya kike. "No creo que viene" (sidhani kwamba anakuja) panapotakiwa "venga". Hilo la mwisho ni kama kusema "nataka unakuja" badala ya "nataka uje". Halafu kuna Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kihispania: "te llamo para atrás", yaani nakupigia nyuma, au "carpeta" kwa maana ya zulia, ilhali ni jalada la karatasi.

Nalisema hili kwa uchungu: mwalimu anaweza kuharibu yote hapo. "Truje" (nilileta) na "mesmo" (yuleyule), maneno anayokuja nayo mtoto wa kijijini, yaliandikwa Hispania yenyewe karne ya 16. Mtoto wa El Salvador anayesema "vos tenés" (wewe una) badala ya "tú tienes" hajakosea. Ndivyo kwao wanavyosema. Wa Puerto Rico humeza s mwishoni mwa silabi, na baadaye huisahau kwenye maandishi. Wapo pia waliotoka Guatemala ambao lugha ya nyumbani ni Kimam au Kik'iche', na Kihispania kwao ni cha pili. Mwalimu mzuri hafuti neno la bibi. Huongeza la pili na kueleza lipi la barua, lipi la sebuleni.

Huko sekondari kuna mtihani wa AP (Advanced Placement, yaani somo la kiwango cha chuo linalosomwa sekondari) wa lugha na utamaduni wa Kihispania, wenye alama 1 hadi 5. Vyuo vingi humpunguzia masomo aliyefaulu, na karo hupungua hapo. Katika muundo ulioanza 2014, mwanafunzi hujibu barua pepe rasmi kwa dakika 15. Wa urithi huiangukia hiyo kwa kutumia "tú" (wewe wa kirafiki) pale panapotakiwa "usted" (wewe wa heshima), kwani hajawahi kumwandikia mkubwa asiye ndugu yake. Kwenye ulinganisho wa tamaduni hupewa dakika 4 za kujiandaa na 2 za kusema, naye huzimaliza akisimulia sherehe za kwao bila kulinganisha na chochote.

Kiswahili hakina mtihani wa AP. Upo muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha sekondari, ulioanzia California kwa sheria ya 2011 na kuenea majimbo mengi. Huo si wa Kihispania peke yake, kwa hiyo mzazi aulize shuleni mapema lugha ya mtoto itapimwa kwa mtihani gani.

Nanyi mlioko huko mna sehemu yenu. Kozi ya kawaida ni saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, yaani saa 45. Hazijazi pengo la miaka. Mtumieni mtoto ujumbe wa sauti, naye ajibu kwa kuandika, hata mistari mitatu. Akisema "kitabu yangu imepotea", msicheke wala msimkatize. Mwulizeni tu, "Kitabu chako kimepotea wapi?" na mumwache aendelee.