Sabufa ya inchi 10 na ya inchi 12 kwenye amplifaya moja: anza na omu

Watu wa muziki wa gari hawaishi kuniuliza: "Nina sabufa ya inchi 10, nimepata na ya 12, nikizifunga kwenye amplifaya moja zitakubaliana?" Nami huwauliza zina omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Hapo wengi hunyamaza. Inchi wanazijua, na ile namba kubwa ya wati iliyochapwa kwenye katoni wanaikumbuka kwa kichwa, japo mara nyingi ni wati za kilele na hapa hazitusaidii kitu. Tafuta wati za RMS, yaani zile inazozibeba kwa muda mrefu bila kuumia, kisha tafuta omu. Inchi zije baadaye.

Chukua gari moja nililolishughulikia. Sabufa ya inchi 10 ilikuwa ya omu 2, inabeba wati 250 za RMS. Ya inchi 12 ilikuwa ya omu 4, inabeba wati 400. Amplifaya ilikuwa ya chaneli moja, wati 600 kwenye omu 2, na haikuruhusiwa kushuka chini ya hapo. Ukizifunga sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, zidisha 2 kwa 4, gawanya kwa jumla yake ambayo ni 6, unapata omu 1.33. Amplifaya imeshavuka mpaka wake. Itapiga kidogo, itachemka, taa ya ulinzi itawaka na muziki utakata. Hiyo ni kama una bahati. Zile zisizo na ulinzi wa maana huungua.

Tuseme amplifaya ingeihimili hiyo omu 1.33. Bado kuna tatizo la mgao. Kwenye sambamba volti ni sawa kwa zote, kwa hiyo mwenye omu chache ndiye anayevuta umeme mwingi. Ya inchi 10 ingechukua theluthi mbili ya wati zote, ya inchi 12 ingebaki na theluthi moja. Mdogo anavimbiwa, mkubwa analala njaa. Harufu ya koili (waya uliozungushwa ndani ya sabufa) inayoungua, ile kali ya vanishi inayojaa kwenye buti, huanzia hapo.

Mfululizo je, yaani hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine? Omu zinajumlishwa, zinakuwa 6, na mgao unageuka: mwenye omu nyingi ndiye anayepata zaidi. Kwa mgao peke yake ni afadhali, ila amplifaya ile ya wati 600 sasa inatoa kama 200 tu. Tena ukinzani wa sabufa haukai mahali pamoja; hupanda sana kwenye masafa ambayo koni inapenda kutikisika yenyewe. Sabufa mbili tofauti zina masafa tofauti, kwa hiyo zikiwa kwenye mfululizo mgao wao unayumba kadiri noti zinavyobadilika. Mimi sabufa zisizofanana sizifungi mfululizo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata mafundi. Amplifaya nyingi za chaneli moja zina jozi mbili za matundu ya spika. Mtu anaona mbili, anaamini ni chaneli mbili, anaweka sabufa moja kila upande. Kwa ndani jozi hizo zimeunganishwa sambamba, hivyo hesabu ni ileile.

Gari lile tulilimaliza kwa kubadilisha amplifaya. Tuliweka ya chaneli mbili, kila chaneli inahimili omu 2 na ina kinobu chake cha geini, cha kupandisha na kushusha nguvu inayotoka. Hili la pili liulizie kabla hujalipa, maana nyingine zina kinobu kimoja kwa chaneli zote. Nikachomoa sabufa, nikazima nyongeza zote za besi, nikapiga toni ya hezi 50 na kupima kwa maltimita upande wa volti za AC. Ya omu 4 nikaipandisha hadi volti 28, ya omu 2 nikaishia volti 20. Volti zidisha kwa volti, gawanya kwa omu: zote mbili zinapata karibu wati 200, na hakuna inayozidiwa.

Usizibriji chaneli hizo, yaani kuziunganisha ziendeshe mzigo mmoja, ukidhani unapata nguvu ya bure. Ukibriji, kila chaneli inaona nusu ya omu ulizoweka. Omu 4 zinakuwa 2 kwa kila upande, omu 2 zinakuwa 1.

Kama hujanunua bado, ushauri wangu ni nunua mbili zinazofanana. Kwa amplifaya ya omu 2, sabufa mbili zenye koili mbili za omu 2 kila moja zinakaa vizuri: koili za kila sabufa mfululizo, zinakuwa 4, kisha sabufa zenyewe sambamba, unarudi kwenye 2. Ukipima kwa maltimita koili ya omu 4 usishtuke kuona 3.4 au 3.6, mita inapima kwa umeme wa DC, na hiyo ni hali ya kawaida.

Ambaye tayari anazo mbili tofauti, kila moja aipe boksi lake. Zikichangia hewa moja, yenye nguvu inaisukuma koni ya mwenzake. Halafu kaa kwenye kiti cha dereva, piga wimbo wenye besi nzito, umwambie mtu ageuze chanya na hasi za sabufa moja tu, amplifaya ikiwa imezimwa. Boksi la tundu na boksi lililozibwa mara nyingi hayasukumi hewa kwa wakati mmoja, na besi inajiua yenyewe. Ukisikia imejaa zaidi baada ya kugeuza, iache hivyo, hata kama rangi za waya hazilingani.