Muulize Shangazi: Mbona bosi wangu anapokea mvua na huku ni jua tu?

Shikamoo Shangazi. Mi nafanya kazi duka la vitambaa hapa Kampala, bosi wangu ni mama wa kihindi, asili yao Jaipur. Sasa mwaka jana mwezi wa saba unaisha akaja na sari ya kijani, bangili za kijani tele, mikono yote hina, na siku nzima hakugusa chakula wala maji, nikimletea chai anacheka tu. Nikamuuliza kwani ni Ramadhani yenu, akasema ni Teej, wanapokea mvua. Mvua gani Shangazi na vumbi lote hili? Afu mama Patel wa duka la pili, mhindi pia, alikuwa anakula chapati zake kama kawaida. Mwaka huu bosi kanialika kwake, nibebe nini?
Msomaji, Kampala

Marahaba mwanangu. Mvua anayoipokea sio ya Kampala, ni ya kwao. Sisi hapa zile za Machi mpaka Mei zinakuwa zimeisha na za Septemba bado (watu wa Gulu msinirukie, najua nyie Agosti mnaloa). Huko Rajasthan, jimbo la India lenye huo mji wa Jaipur, sehemu kubwa ni jangwa, Mei na Juni joto linapita digrii 45, majani yote yamekauka, ndo mvua inaingia India kupitia Kerala kule kusini karibu na tarehe 1 Juni inapanda polepole hadi Julai inawafikia. Zaidi ya asilimia 70 ya mvua ya India ya mwaka mzima inanyesha kati ya Juni na Septemba, yaani ikigoma hiyo wakulima wengi hawana nyingine ya kungoja, sasa we unadhani wataacha kuishangilia?

Na upepo unaoileta watu wa Mombasa wanaujua vizuri, ni kusi. Unapita pwani, ukishavuka ikweta unakata kona kuelekea India huku unazoa maji ya Bahari ya Arabu. Ndo huohuo uliokuwa unarudisha majahazi ya Wahindi kwao enzi hizo, kaskazi inawaleta kusi inawarudisha, kwa hiyo hata hiyo mvua ya bosi wako imepita huku kwetu kwanza.

Jina kamili la siku yake ni Hariyali Teej (hariyali ni ukijani wa majani), na inafuata mwezi mwandamo, siku ya tatu mwezi ukiwa unakua, katika mwezi wao wa Shravan. Mwaka 2024 iliangukia 7 Agosti, 2025 ikawa 27 Julai, 2026 ni 15 Agosti. Utasema basi ni kama Idd, hapana, Idd inazunguka mwaka mzima, leo kiangazi kesho masika, wenzetu kila baada ya miaka kama mitatu wanaongeza mwezi mmoja mzima ili sikukuu isihame ikaiacha mvua. Kwa hiyo hata akihamia Kampala au Toronto siku inabaki ileile, hewa ya nje ikatae ikubali.

Kufunga sasa. Inasimuliwa kwamba mungu wao wa kike Parvati alimtaka mungu Shiva awe mume wake, akafunga na kuomba akizaliwa na kufa, mara ya 108 ndo akakubaliwa. (Mara 108! Mi huyo mwanaume ningemwacha mara ya pili.) Ndo maana wake za watu wanafunga kwa ajili ya waume zao na wasichana wanaomba wapate mume mzuri. Lakini usifikiri ni siku ya njaa na huzuni, ni siku ya wanawake kujiachia, bembea zinafungwa kwenye miti, wanaimba, aliyeolewa anapelekewa zawadi za nguo, bangili na hina, na kuna ghevar, unga na samli unakaangwa ukawa duara lenye vitobo afu linamwagiwa shira. Jaipur sanamu ya Teej Mata, yaani huyohuyo Parvati, inatolewa kwenye kasri na kuzungushwa mjini na ngamia na ngoma, watu wanajaa barabarani.

Mama Patel usimseme vibaya. Patel ni watu wa Gujarat, wahindi wengi wa Uganda ni wa huko, ilikuwa ivo hata kabla Amin hajawafukuza 1972, na Teej hii ni zaidi ya Rajasthan, Haryana na Uttar Pradesh. Wagujarati wana Gauri Vrat mwezi unaotangulia, wasichana wanaotesha ngano kwenye chombo kidogo na siku tano wanakula bila chumvi.

Mwaliko: peleka matunda au bangili za kijani, nyama na mayai acha kwako, usivae nyeupe tupu maana kwao ni ya msiba, na kama bado amefunga usimlazimishe kula eti "kidogo tu".

Shangazi, kazini kwetu Jinja kuna dada wa Nepal, yeye Teej yake alivaa nyekundu na ilikuwa mwezi uliofuata. Nani muongo?
Msomaji, Jinja

Hakuna muongo. Yake ni Hartalika Teej, inakuja kama mwezi mmoja baada ya ile ya kijani, nyekundu ndo rangi yake, na kufunga kwake ni kukali zaidi. Kathmandu wanawake wanapanga foleni ndefu hekalu la Pashupatinath. Ila usiku wa kuamkia wanakula karamu inaitwa dar, wanashiba haswa, kwa hiyo ukitaka kualikwa omba ualikwe hiyo.